Fundo la Ofisi ya Uji

Nchi yenyewe haitatajwa hapa, kwa sababu jina lake limefungiwa kabatini katika Idara ya Majina, na mwenye ufunguo yuko likizo. Msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Iko mbali sana na kwako, na watu wake hawafanani kabisa na watu unaowajua. Ukiona wanafanana, hiyo ni bahati mbaya yako.

Zamani serikali ya nchi hiyo ilikuwa chumba kimoja. Ndani yake alikaa Mkuu wa Nchi, karani wake, na paka wa kuzuia panya wasile sheria. Mkuu akienda shambani kupalilia, serikali ilifungwa kwa komeo, na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Watu wa huko hawakuiamini serikali hata kidogo. Walichokiamini ni kamba. Desturi yao ilikuwa hivi: ukiazima kinu au jembe kwa jirani, unafunga fundo kwenye kamba iliyoning'inia mlangoni kwake, na siku ya kurudisha unalifungua kwa mkono wako mwenyewe, watu wakiona. Halikuruhusiwa kufunguliwa na mwingine. Mtu aliyekufa akaacha fundo lake kwenye kamba ya watu, hata chakula cha matanga yake kililiwa kwa kuinamisha macho, kwa aibu.

Kwa hiyo wazee walipoandika sheria, waliandika kwamba serikali ikitaka kuongeza ofisi kwa sababu ya dharura, nguvu hizo inaziazima kwa wananchi. Mkubwa wa ofisi hiyo afunge fundo kwenye Kamba ya Umma, pale uwanja wa soko, na dharura ikiisha aje alifungue mwenyewe. Kamba ikafungwa baina ya nguzo mbili, ikakaa miaka sitini bila fundo hata moja. Shomoro walitua juu yake na kunya walivyotaka.

Sudi Makwega alizaliwa kamba ikiwa bado tupu. Wazazi wake walikufa mapema, akalelewa na dada yake, Nyamizi, aliyemzidi miaka kumi na mitatu na aliyekuwa na mbuzi wanne na sauti ya kuwatosha arobaini. Nyamizi ndiye aliyemfundisha Sudi kuchunga, na kabla ya kuchunga alimfundisha kufunga. "Fundo la mbuzi si fundo la mzigo," alimwambia. "Avute wiki nzima, lisilegee. Lakini akijinyonga, wewe unavuta kamkia haka mara moja tu, na mbuzi yuko huru. Fundo usiloweza kulifungua upesi, mdogo wangu, usilifunge." Sudi akajifunza. Hakupata kujifunza fundo jingine maishani.

* * *

Dharura ya kwanza ilikuja na moshi. Viwanda vilijengwa kando ya reli: vya nguo, vya sabuni, vya nyama ya makopo. Mwanzoni watu walishangilia. Kisha mashine za nguo zikaanza kula vidole vya wafanyakazi, na siku moja mama mmoja akafungua kopo la nyama akakuta mkia ambao ng'ombe yeyote mwenye heshima zake angeukana. Watu wakaenda kwenye kile chumba kimoja wakapiga kelele: "Serikali iko wapi?" Serikali ilikuwa shambani ikipalilia.

Ikafunguliwa Ofisi ya Vidole, kwa muda tu, mpaka wenye viwanda watakapopata adabu. Wakaguzi walipita kila Jumatatu wakihesabu vidole vya wafanyakazi, na Jumatatu iliyofuata walihesabu tena, wakafanya hesabu ya kutoa. Kazi njema, nani atabisha? Matajiri walilia kwamba wananyongwa. Baada ya miaka mitatu walinyamaza, kwa kuwa walikuwa wamegundua kwamba mkaguzi naye ni binadamu na anapenda pilau. Tangu hapo wao wenyewe ndio walioomba wakaguzi waongezwe, hasa kwenye kiwanda cha jirani. Adabu haikuja, na fundo la kwanza likabaki. Shomoro wakahamia upande wa pili wa kamba.

Halafu ukaja mwaka uliopewa jina la Mnyauko. Hakuna aliyejua ulikotoka. Mvua ilinyesha kama kawaida, mahindi yalikuwepo, nguo zilikuwepo, ila asubuhi moja benki hazikufungua milango, na kufikia mwezi uliofuata mwenye mahindi hakuwa na wa kumuuzia na mwenye njaa hakuwa na cha kununulia. Viwanda vikazima moto. Wenye vidole kumi na wenye vidole saba wakakaa pamoja kando ya reli, wameshika tama.

Mkuu wa Nchi alitoka akahutubia. "Wananchi," alisema, "wataalamu wamenihakikishia kwamba jambo hili ni la mawazo zaidi kuliko tumbo. Mtu asiyefikiria chakula, njaa itamjuaje?" Watu wakajaribu kutofikiria chakula kwa wiki mbili. Baadhi yao waliweza kabisa, na wakazikwa.

Sudi wakati huo alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ambayo ilikuwa imefungwa. Alipowaona wanafunzi wake wakitafuna chaki, alikwenda kwa dada yake. Nyamizi alikuwa ameshauza mbuzi. Kilichobaki ndani kilikuwa gunia moja la mtama.

"Hiyo ni mbegu, Sudi," alisema.

"Najua, dada."

"Ukipika mbegu, umepika na mwaka kesho."

"Wanatafuna chaki, dada."

Nyamizi aliliangalia gunia, akamwangalia mdogo wake, kisha akalibeba mwenyewe kichwani mpaka sokoni, na alikuwa hajatia kitu kinywani siku mbili. Wakainjika chungu juu ya mafiga matatu chini ya ile Kamba ya Umma. Kikombe kilikuwa kimoja tu, cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni. Sudi alipochota uji wa kwanza alimpa dada yake, na Nyamizi alikunywa akilia bila kujificha. Siku hiyo walikunywa watu mia tatu kwa kikombe hicho hicho.

Mkuu wa Nchi alipita, akaona watu wanamshangilia mwalimu. Kabla ya saa moja kupita, chungu kilikuwa cha serikali. Ikatangazwa Ofisi ya Uji, kwa muda tu, na Sudi akawa mkubwa wake. Aliitwa mbele ya kamba afunge fundo, akafunga alilolijua. Nyamizi alipoliona alicheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Fundo la mbuzi!"

"Sikusudii likae, dada," Sudi alisema. Kisha akageukia watu, akaapa kwa sauti, na kiapo kikaandikwa kuwa sheria: "Ijumaa ya kwanza foleni hii ikikosa mtu, nitalifungua kabla jua halijazama."

Na tuseme kweli, maana kejeli isiyo na kweli ni matusi tu: uji ule uliokoa watu. Wapo wazee hadi leo ambao mifupa yao imejengwa na ule mtama. Kama hadithi ingeishia hapo, Sudi angekuwa na sanamu, na sanamu ingemstahili.

* * *

Haikuishia hapo kwa sababu ilikuja vita. Nchi jirani ilidai kilima fulani ambacho hakuna upande uliowahi kukipanda, na hilo halikuvumilika. Vita vilihitaji kila kitu, na kila kitu kilihitaji ofisi. Ilifunguliwa Ofisi ya Vifungo vya Sare, kwa muda, Ofisi ya Chumvi, kwa muda, Ofisi ya Kuzima Taa na, kwa sababu watu waligongana gizani, Ofisi ya Kuwasha Taa. Ilianzishwa kodi mpya, kwa muda, na muda wake unaendelea hadi leo. Kamba ikajaa mafundo, ikaning'inia katikati kama tumbo la ng'ombe, ikabidi iongezwe nguzo ya tatu. Ikafunguliwa Idara ya Kamba kuilinda, na fundo la Idara ya Kamba likafungwa kwenye kamba.

Viwanda vilirudi kufanya kazi usiku na mchana. Waliokuwa kando ya reli walipata kazi, wote, hata wenye vidole saba. Vita vikaisha kwa ushindi wa pande zote mbili, kilima kikabaki bila mtu, na Ijumaa moja Sudi akaamka akakuta foleni ya uji haina hata mtoto.

Furaha aliyokuwa nayo asubuhi hiyo hakupata kuwa nayo tena. Aliliacha gari la ofisi, maana sasa alikuwa na gari, akaenda kwa miguu hadi uwanjani, amevaa kanzu nyeupe. Mbele ya kamba alimkuta Katibu Mkuu wa Nchi, Bwana Ngwembe, mtu mnene mwenye sauti ya pole, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu jambo na hakuna jambo lililowahi kufanyika.

"Hongera, Mzee Sudi," alisema Katibu. Sudi alikuwa na miaka thelathini na miwili tu, lakini mwenye gari huzeeka mapema. "Umeimaliza njaa. Sasa unataka kufanya nini?"

"Kufungua fundo, Mheshimiwa."

"Vema. Ofisi yako ina watumishi wangapi?"

"Elfu nne, Mheshimiwa."

"Ukifungua, hao elfu nne watakosa kazi. Wakikosa kazi watakuwa na njaa. Wakiwa na njaa, nani atawalisha?"

"Ofisi ya Uji," Sudi alijibu.

"Ambayo utakuwa umeifunga," Katibu alisema kwa huzuni ya kweli. "Kumaliza njaa ni jambo moja, mwalimu. Kumaliza Ofisi ya Uji ni ukatili. Mimi sikuzuii. Sheria inasema foleni ikikosa mtu. Sasa ni saa tatu asubuhi. Huna mtu yeyote, hata mmoja, anayeweza kunywa kikombe cha uji?"

Sudi alisimama na kanzu yake nyeupe. Mtu mwingine angevuta kile kimkia akaenda zake. Yeye alifikiria watumishi elfu nne. Alifikiria pia nyumba ya ofisi yenye baraza la mawe, na jinsi watu walivyosimama alipoingia mahali, na hilo alilifikiria haraka ili asijikamate. Saa nne alikuwa mlangoni kwa dada yake.

"Njoo unywe kikombe kimoja, dada. Leo tu."

"Nina mbuzi kumi na mmoja, Sudi, na ng'ombe anayekamuliwa," Nyamizi alisema. "Nimetoka kula sasa hivi."

"Leo tu, dada yangu. Nimekwama."

Alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha aliinamisha macho, akajifunga khanga, akaenda, kwa sababu aliyemlea mtoto hamwachi uwanjani. Ijumaa iliyofuata Sudi alirudi. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, na miaka kumi na tisa ikapita.

* * *

Katika miaka hiyo uji wenyewe uliendelea sana. Zamani ulihitaji mtama, maji na moto. Sasa Kurugenzi ya Kuni ilipeleka barua kwa Kitengo cha Mwiko, Kitengo cha Mwiko kikakoroga kwa zamu, Bodi ya Kuonja ikaonja na kubakiza, na Tume ya Uvuguvugu ikakaa kikao kuamua kama uji umepoa kiasi cha kunyweka. Kikao kilipokwisha, uji ulikuwa umepoa. Tume ilijipongeza kila wiki kwa kutokukosea.

Nyamizi alisimama peke yake kwenye foleni iliyowekewa uzio wa chuma wa kuzuia msongamano wa watu elfu moja. Alizunguka kona zote za uzio, kushoto na kulia, kwa sababu askari hakuruhusu mtu kukata njia. Mwishoni kulikuwa na karani, kijana mpole, mwenye fomu. Kila Ijumaa alimuuliza kana kwamba hajawahi kumwona.

"Jina?"

"Nyamizi Makwega."

"Je, una njaa?"

"Andika unavyotaka, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoanza kuniuliza."

"Taja mashahidi wawili wasio na njaa."

Hapo Nyamizi alimtaja karani mwenyewe na askari wa uzio, ambao wote wawili walikuwa wamekula mayai aliyowaletea. Alikuja nayo kila wiki kwenye kikapu, thelathini, arobaini, kwa kuwa aliona aibu kufika kwa watu mikono mitupu. Kisha jina lake likaandikwa katika Daftari la Wenye Njaa, akapewa kile kikombe cha buluu, ambacho sasa kilihifadhiwa kwenye sanduku la kioo. Alikunywa uji wa baridi akitazama ukutani. Mdogo wake aliangalia kutoka dirishani ghorofa ya tatu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili aliweka pazia.

Mwaka wa ishirini na tano wa Ofisi, Nyamizi alikuja ofisini kwa Sudi, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Miguu ilikuwa imemvimba. Walinzi walimzuia, wakasema wenye njaa wanapita mlango wa nyuma. Sudi aliposhuka mwenyewe kumpokea, alimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Kabula amerudishiwa posa," dada yake alisema.

Kabula alikuwa mjukuu wake, binti mkunga, aliyekuwa aolewe mwezi ule. Wazee wa upande wa mwanamume walikuwa wamekuja kwa adabu zote. Walisema hawana ubaya na binti, ila wameangalia kwenye Daftari, kama watu wote waangaliavyo siku hizi kabla ya kuoa, na wamekuta bibi yake ameandikwa mwenye njaa kwa miaka kumi na tisa mfululizo. Ukoo wenye njaa ya aina hiyo wao hawauwezi.

"Niliwaonyesha ng'ombe," Nyamizi alisema. "Wakasema ng'ombe si hati. Wanataka jina langu lifutwe."

Sudi alijua sheria, alisaidia kuiandika. Majina ya Daftari hufutwa siku moja tu, siku ofisi inapofungwa.

"Mdogo wangu," dada yake alisema, na hakupandisha sauti, "nimechoka kuwa na njaa. Nilikupa mbegu yangu. Nikakupa na uso wangu, kila Ijumaa, nikasema ni ndugu yangu, siku moja atakumbuka. Sasa unamla na mtoto. Fungua lile fundo, Sudi. Ni la mbuzi. Nilikufundisha mimi."

Aibu ilimshuka Sudi kutoka utosini hadi kwenye soksi. Alipiga magoti pale pale kwenye ngazi mbele ya walinzi. "Ijumaa hii, dada. Kwenye sherehe, watu wote wakiona. Haki ya Mungu."

"Usimtaje Mungu," Nyamizi alisema. "Vuta tu."

* * *

Sherehe za miaka ishirini na mitano ya Ofisi ya Uji zilianza saa nne asubuhi na kufikia saa kumi na moja jioni zilikuwa zimefika kwenye utangulizi wa hotuba ya Katibu. Watumishi elfu nne walikaa kwenye viti vya kukodi, wamevaa sare, wameshakula biriani. Kando, ndani ya uzio wake, alisimama Nyamizi na Kabula akimshika mkono. Siku hiyo waliwekewa utepe.

"Tulianza," alisema Bwana Ngwembe kwa ile sauti yake ya pole, "na chungu kimoja na maelfu ya wenye njaa. Leo, ndugu zangu, tuna watumishi elfu nne na mwenye njaa mmoja. Nitajieni taifa jingine duniani lililofikia uwiano huu!" Watu wakapiga makofi. "Na yule mmoja, tunamthamini. Tumemwekea utepe. Sasa nimwombe mwasisi wetu aliguse fundo lake la kihistoria."

Sudi alisimama. Alikuwa hajalala siku tatu, na alikuwa ameamua. Alikwenda mpaka kwenye kamba. Kila mwaka Idara ya Kamba walilipaka fundo lile rangi ya dhahabu ili lisichakae, na aliogopa limegeuka jiwe. Akalishika. Rangi ilipasuka kama ganda la yai, na ndani yake kamba ilikuwa laini. Kimkia kilikuwa pale pale, urefu wa kidole. Alikivuta kidogo, unywele tu, kikamfuata.

Basi aliinua macho. Aliwaona watumishi wake, na hawakuwa na nyuso za ubaya. Alimwona mama wa Kurugenzi ya Kuni, ambaye yeye Sudi alimwajiri wiki aliyofiwa na mume. Alimwona mkwe wake wa Bodi ya Kuonja. Kwa hao mtu anaweza kusamehewa, na katika miaka iliyofuata Sudi alijitahidi sana kuamini kwamba aliacha kwa ajili yao. Lakini nyuma yao aliliona gari, na dereva ameshashika mlango, ameufungua, anamsubiri. Alipofikiria kwenda nyumbani kwa miguu, akipita watu wasiosimama, mkono wake ukakiachia kimkia. Hicho ndicho kilichotokea. Mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja alimuuza dada yake kwa mlango wa gari.

"Limekaza," alisema.

Elfu nne wakashangilia. Bendi ikapiga. Katibu alijifuta jasho akasema ndiyo mafundo ya watu wa zamani hayo, imara! Katika uwanja mzima watu wawili tu walijua kwamba fundo lile haliwezi kukaza, na mmoja wao alikuwa ndani ya uzio.

Nyamizi aliangalia. Hakulia, hakutukana. Alikiweka kile kikombe cha buluu mezani kwa karani, uji ukiwa bado umo, akainua utepe kwa mkono wake akatoka.

"Bibi, hujanywa!" karani alipiga kelele.

"Nimeshiba."

"Bibi, foleni itakosa mtu!"

"Naiona," Nyamizi alisema. "Muulizeni aliyefunga."

Akaondoka na miguu yake iliyovimba, pole pole, mjukuu wake akiwa upande mmoja. Hakuna aliyemzuia. Bendi ilinyamaza chombo kimoja kimoja. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya mapaa ya viwanda, na kila mtu pale aliijua sheria.

Katibu alishika kipaza sauti. "Ndugu watumishi, ni utaratibu tu. Ajitokeze mmoja. Nani ana njaa?"

Hakuna aliyejitokeza. Watu waliangalia viatu vyao. Wote walikuwa na mabinti, na wana, na wajukuu, na walijua jina likiingia katika Daftari linaufanya nini ukoo. Walikuwa radhi kuishi kwa njaa ya Nyamizi miaka kumi na tisa, ila kuiazima kwa jioni moja hawakuwa radhi. Jua likashuka kidogo.

Ndipo Sudi akashuka jukwaani. Wengine walidhani anakwenda kwenye kamba, na mama wa Kurugenzi ya Kuni alifumba macho. Sudi aliipita kamba. Aliingia kwenye uzio, akazunguka kona zote, kushoto na kulia, kwa sababu askari hakuruhusu mtu kukata njia, mpaka akafika mbele ya karani.

"Jina?" karani aliuliza.

"Sudi Makwega."

"Je, una njaa, Mzee?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Karani aliacha nafasi wazi.

"Taja mashahidi wawili wasio na njaa."

Sudi akageuka kumtafuta dada yake, lakini alikuwa ameshapinda kona. Haikuhitajika. Pale uwanjani mikono elfu nne iliinuliwa juu kushuhudia. Akanywa uji wa baridi wote, mpaka chini, na jua likazama.

* * *

Asubuhi ya Jumamosi alikwenda kwa dada yake kwa miguu. Kabula alikuwa anafagia uwanja. "Shikamoo, babu," alisema, na hakuacha kufagia.

Nyamizi alikuwa kwenye zizi akiwafungua mbuzi waende malishoni. Walikuwa kumi na sita sasa. Alivuta kimkia cha kwanza, mbuzi akatoka. Akavuta cha pili. Hakugeuka. Sudi alisimama akaangalia mafundo yote kumi na sita yakifunguka, moja moja, kila moja kwa mvuto mmoja.

"Dada," alisema mwishowe.

"Jina langu bado limo?"

"Limo."

"Na lako?"

"Chini ya lako."

Nyamizi alikunguta mikono. Alimtazama mdogo wake, na Sudi angefurahi kama angetukanwa, angeshika tusi hilo akaondoka nalo. "Umekula?" dada yake aliuliza.

"Bado, dada."

"Kaa basi. Hapa mwenye njaa hafukuzwi, na hatuna fomu. Kabula! Mletee babu yako chakula."

Kabula alileta ugali na maziwa ya mgando, akatandika mkeka, akamnawisha mikono. Kisha bibi na mjukuu walikaa naye wakala, kama ada, wasimwache mgeni kula peke yake. Wote wawili walikula kwa kuinamisha macho, kama walavyo watu kwenye matanga ya aliyekufa akaacha fundo. Sudi alitafuna taratibu, akilijua tonge lilivyo tamu, mpaka chakula kilipokwisha.